Daktari, Fundi na Mbwa Mwenye Miwani

Mtu akisema rafiki yake ana wazimu kidogo, mara nyingi hamtukani, bali anamsifu. Rafiki wa namna hiyo humwingiza mwenziwe katika safari ambayo mwenye akili timamu asingaliikubali. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa Daktari Horatio Nelson Jackson na Sewall Crocker, Wamarekani wawili.

Mwezi wa Mei, 1903, Jackson, mwenye umri wa miaka 31, alikuwa mgeni katika mji wa San Francisco. Jioni moja, katika klabu, aliwasikia watu wakidai kuwa motokaa ni mchezo wa matajiri tu, haiwezi kamwe kuivuka Marekani kutoka bahari hata bahari. Jackson akabisha, akawekeana nao dau la dola 50 ya kwamba yeye atafika New York kabla ya miezi mitatu kwisha. Tena hakuwa na motokaa! Uendeshaji wenyewe alikuwa amejifunza kidogo tu, na njia za siku zile nje ya miji zilikuwa za udongo na mawe, au hazikuwapo kabisa. Mkewe, ambaye bila shaka aliijua tabia yake, akarudi nyumbani Vermont kwa gari la moshi.

Daktari akamwendea Crocker, kijana fundi wa mitambo, na kwa shauri lake wakanunua motokaa ya Winton yenye nguvu za farasi 20, isiyo na paa wala kioo cha mbele. Siku ya nne baada ya dau kuwekwa, tarehe 23 Mei, wakaondoka na mablanketi, bunduki, shoka, na kamba ndefu yenye kapi za kuikokotea motokaa matopeni. Wakashika njia ya kaskazini ili wauepuke mchanga wa Nevada.

Kabla hawajatoka California walimwuliza njia mwanamke mmoja aliyepanda farasi mweupe. Akawaelekeza, nao wakaenda maili 54 hata njia ikakoma mlangoni pa nyumba. Mwanamke yule alitaka jamaa zake waione motokaa, kwani walikuwa hawajaiona maishani mwao. Ikawabidi kurudi maili zile zile 54. Msomaji aliyepata kuelekezwa "hapo mbele tu" hatashangaa.

Katika jimbo la Oregon mafuta yaliwaishia nyikani. Daktari alibaki kuilinda motokaa. Crocker akakodi baiskeli akaenda maili 25 hadi Burns. Njiani mpira wa baiskeli ukapasuka, lakini alirudi na galoni nne za petroli. Mipira ya motokaa ilipochakaa, waliizungushia kamba wakaendelea. Mara kwa mara ilibidi farasi waivute mashine ile iliyosemwa kuwa itawaondolea farasi kazi.

Mtu mwingine angalikata tamaa. Jackson, walipofika Idaho, alinunua mbwa kwa dola 15! Mbwa huyo, jina lake Bud, alikaa kiti cha mbele, na kwa kuwa vumbi liliyaumiza sana macho yake, akavishwa miwani kama mabwana zake. Jackson alisema baadaye kwamba katika wasafiri wale watatu Bud peke yake ndiye ambaye hakutoa neno la matusi njia nzima. Huko Wyoming walipotea wakashinda na njaa siku moja na nusu, hata mchunga kondoo mmoja akawakaribisha chakula. Daktari akampa bunduki yake iwe shukrani.

Waliingia New York alfajiri ya tarehe 26 Julai, baada ya siku 63. Karani akiiandika hesabu hii katika daftari lake ataona ajabu: Jackson alitumia kama dola 8,000 kwa ajili ya dau la dola 50. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule alitozwa faini mjini Burlington, kwao Vermont, kwa kupita mwendo wa maili sita kwa saa.

Sifa zilimwendea daktari, na fedha zilikuwa zake kweli. Lakini dau halikuwa la Crocker, wala wazo halikuwa lake, na bila mikono yake motokaa ile ingalioza nyikani. Alikufa mwaka 1913, akiwa bado kijana, wala wanaomkumbuka si wengi. Jackson aliishi hadi 1955. Mwaka 1944 aliitoa motokaa ile kwa jumba la makumbusho la Smithsonian, mjini Washington, pamoja na miwani ya mbwa. Ama zile dola 50, hakuzidai kamwe.