Injini Ndiyo Kazi Rahisi

Mteja wa aina hii hutanguliza injini, gari hufuata baadaye. Injini inafika nyuma ya Canter, imefungwa kamba ya katani, imepuliziwa rangi ya fedha ionekane mpya. Mwenyewe anaipiga kofi mgongoni kama ng'ombe wa mnadani. "Fundi, hii ni 1HZ, silinda sita. Nifungie kwenye 109 yangu. Siku ngapi?"

Namwambia siku nne zinatosha injini kuingia. Gari kuizoea ni mwaka, na nyingine hazizoei kabisa. Anacheka. Wote hucheka.

Nina miaka zaidi ya ishirini kwenye gereji, hapa Nyakato. Pikapu za Land Rover 109 zinanifuata kama deni. Wenye nazo ni wazee walionunua kwenye minada ya magari ya zamani, na vijana wa samaki wanaotaka gari refu la kufika mwaloni hata mvua ikinyesha. Ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 1985. Injini yake ya asili ina silinda nne, cc 2,286, na ile ya dizeli ilikuwa na nguvu za farasi kama 62 siku ilipokuwa mpya. Ikipakia dagaa kutoka Kayenze na kukutana na kilima, utingo anaweza kushuka, akajisaidia, akaiwahi mbele.

Toyota walianza kuifunga 1HZ kwenye Land Cruiser mwaka 1990. Ni cc 4,164, farasi karibu 130, haina kompyuta, na spea zake zinapatikana mjini. Kwa hiyo mwenye gari namwelewa. Asichokiona ni kwamba nguvu ya kuzungusha imekuwa mara mbili, wakati gia boksi, difu, chesisi na breki zilitengenezwa kwa ajili ya ile ndogo.

Tuanze na sahani. Injini ya Mjapani na gia boksi ya Mwingereza haziingiliani, lazima katikati uweke sahani nene ya chuma iliyochongwa. Mashimo ya upande huu yanashika injini, ya upande ule yanashika bel hauzingi. Kinachotakiwa ni katikati ya krenki na katikati ya shafti ya gia boksi vikae mstari mmoja. Vikipishana nusu milimita, kwa macho huoni kitu. Gari linawaka, gia zinaingia, mteja anapiga picha.

Baada ya wiki tatu unasikia mlio mwembamba ukikanyaga klachi. Hiyo ni beringi ndogo iliyo katikati ya flaiwili, inayobeba ncha ya shafti. Mwezi wa pili gia ya tatu inaanza kuruka yenyewe. Mwezi wa nne nafungua nati ya chini, oili inamwagika kwenye beseni pamoja na vipande vya meno. Mteja anasema gia boksi za Land Rover ni mbovu. Hiyo gia boksi ilikuwa imekaa miaka arobaini haijaguswa.

Mimi nafunga kipimo cha mshale kwenye flaiwili, nazungusha krenki kwa mkono taratibu, naangalia mshale unavyocheza ukizunguka tundu la bel hauzingi. Ukicheza, nalegeza, nasogeza, napima tena. Ni kazi ya nusu siku, na hakuna anayetaka kuilipia, maana ukimaliza hakuna kinachoonekana kimebadilika.

Halafu chesisi. Watu wanasifu Land Rover kwamba haishiki kutu, na kwa bodi wako sahihi, ni aluminiamu. Chesisi ni chuma, tena cha boksi, kina uwazi ndani. Gari la samaki linabeba sangara na barafu. Barafu inayeyuka, maji yenye damu na chumvi ya mizoga yanapita kwenye mbao, yanaingia kwenye chesisi na kukaa humo. Kwa nje utaona rangi nyeusi safi. Mimi napita na nyundo ndogo, nagonga kila hatua. Chuma kizima kinajibu kwa sauti kavu. Kilichooza kinasema "pu".

Ndipo juu ya hiyo "pu" mtu anachomelea vishikio vya injini nzito kuliko ya kwanza. Niliwahi kuletewa moja ikivutwa kwa kamba: kishikio cha kushoto kiling'oka na kipande cha chesisi, injini ikalala, feni ikaitafuna rejeta. Dereva aliniapia kwamba hakugonga kitu. Ni kweli hakugonga.

Rejeta yenyewe ni kesi nyingine. Injini ya silinda sita ni ndefu, kwa hiyo rejeta inasukumwa mbele, na kava la feni linatupwa kwa sababu halina nafasi. Bila kava, feni inazungusha hewa ileile ya moto. Zamani ukienda Sengerema ulisubiri kivuko pale Kigongo. Dereva alilaani foleni, lakini injini ilikuwa inapoa. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, kilomita zake tatu unazivuka kwa dakika chache na safari inaendelea. Gari lililokuwa linaponea kwenye kivuko sasa linachemkia mbele ya safari, na 1HZ ikichemka mara mbili tatu hedi inapata ufa.

Umeme nao una mitego. Injini nyingi za mtumba zilizotoka Japani yenyewe ni za volti 24. Land Rover ni volti 12. Ukifunga bila kuangalia, stata inazunguka kivivu, na ile selenoidi ya kufungulia dizeli kwenye pampu haivuti. Kuna kijana alibadilisha pampu nzima kwa sababu ya selenoidi hiyo.

Mkanda wa taiming unatakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000. Injini ya mtumba hujui imetembea ngapi, na mita ya 109 ilikufa siku nyingi. Mkanda ukikatika, valvu zinapiga pistoni. Nikimwambia mteja tuweke mkanda mpya injini ikiwa bado chini, anadhani nataka kumla hela.

Lakini linaloninyima usingizi ni breki. Gari hili ni la dramu miguu yote minne, zilizopimwa kwa mwendo wa zamani. Tukifunga injini kubwa tunaongeza busta, na busta inahitaji mvuto wa upepo. Injini ya dizeli haina mvuto kama wa petroli, kwa hiyo Toyota waliweka pampu ndogo mgongoni mwa alteneta. Ukiitazama kwa haraka utadhani ni sehemu ya alteneta tu.

Mteja wangu mmoja alteneta ilimfia upande wa Geita. Akauziwa nyingine ya bei poa, isiyo na ile pampu. Betri ikachaji, taa zikawaka, safari ikaendelea. Mpira wa upepo uliobaki unaning'inia ukazibwa kwa bolti. Akiteremka kuelekea ziwani na mzigo wa sangara, pedali ikawa ngumu kama jiwe. Alisimama juu yake kwa miguu miwili mpaka gari likaishia kwenye shamba la mihogo. Watu walipona. Akaja kwangu kudai viatu vipya vya breki. Nikafungua boneti, nikamwonyesha bolti. Alikaa kimya muda mrefu.

Na kadi ya gari? Bado inasoma cc 2,286 na namba ya injini iliyokwisha kuuzwa chuma chakavu. Mabadiliko hayo yanatakiwa kuandikishwa TRA. Wengi wanakumbuka siku ya kuuza gari, au siku ya ajali.

Siku hizi injini naiacha chini ya mwembe, naanza na breki, nyundo ya chesisi, halafu rejeta. Wateja wanakimbia. Mwezi uliopita mzee mmoja wa Misungwi alizunguka gari lake lililokuwa juu ya mawe, akatikisa kichwa. "Ng'wanawane, mimi nimekuletea injini, wewe unanifungulia matairi." Nikamwambia, "Mzee, hiyo itakwenda. Nataka na kusimama isimame." Akalipakia, akalipeleka kwa mwingine.

Siku nne zilimtosha, kama nilivyosema. Alipita mbele ya gereji akipiga honi, amekaa wima, moshi mweusi nyuma, vijana wangu wakimshangilia. Nilimpungia mkono. Alipofika kwenye kona akakanyaga klachi kubadilisha gia, nami nikatega sikio.

Mlio ulikuwa bado haujaanza.