Chuma Tusichokijua

Sisi tunaofundisha katekisimu hapa Kisangani huulizwa na watoto maswali yasiyomo kitabuni. Moja ni hili: "Mwalimu, chuma hiki ni cha nini?" Yafaa wazazi nao walifikiri, kwa maana katika mji wetu swali hilo ni la uhai na mauti.

Vyombo vya vita ni vigumu kutambulika. Katika vita vya mwaka 1939 hadi 1945 majeshi yalitumia rada. Chombo hicho hutupa mawimbi angani, nayo yakigonga ndege hurudi kama mwangwi. Mawimbi hayo huenda kilometa 300,000 kwa sekunde moja; yakirudi baada ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, ndege iko mbali kilometa 150. Kiini cha rada nyingi kilikuwa bonge la shaba lenye matundu, kati ya ncha za sumaku. Asiyeelezwa atadhani ni kipande cha mashine ya kusagia. Fundi hutazama namba zilizopigwa juu yake, umbo lake, na mahali pa kuingizia umeme.

Vita vilipokwisha, rada nyingi zilikosa kazi. Bernard Lovell, mtaalamu wa Uingereza, alichukua moja ya kuongozea mizinga, na Desemba 1945 akaiwasha huko Jodrell Bank. Kwa chombo hicho alijifunza habari za vimondo. Ndivyo chuma cha vita kilivyotumika kutazama kazi ya Mungu, mikononi mwa mtu aliyekijua.

Kwetu vita viliacha urithi mwingine. Tangu tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana humu mjini. Mabomu zaidi ya 6,600 yalianguka, na mamia ya raia walikufa. Mengine hayakupasuka, yalizama udongoni, yakala kutu, namba zikafutika.

Basi, ndugu wazazi, tuwafundishe watoto kuuliza wakiwa mbali. Chuma kigeni kisiguswe, kisigongwe, wala kisiuzwe kama chuma chakavu. Mtu arudi kwa njia aliyojia, awaonye jirani, awaarifu wakubwa wa mtaa ili waitwe wategua mabomu. Nabii Isaya alitabiri panga kufuliwa ziwe majembe, lakini kazi hiyo ni ya mhunzi, si ya mtoto. Amri ya tano yatuagiza kulinda uhai, wetu na wa jirani.