Mchanga wa Ndoo

Mbalamwezi ikikolea, mitumbwi ya dagaa haiendi ziwani. Dagaa hufuata mwanga wa taa, na usiku ambao mwezi umeangaza ziwa zima, taa ya mvuvi haina la kuwaambia. Ndiyo maana kila mwezi mwambao wa Ujiji ulikuwa na siku zake za mapumziko. Nyavu zilishonwa, karabai zikasafishwa, na ule mchanga ambao siku nyingine ulianikwa dagaa tangu alfajiri ukabaki mtupu. Hapo tukaachiwa sisi watoto. Wakubwa walikwenda kwenye kombolela na mpira wa matambara. Wanaotambaa na wanaojifunza kusimama waliketishwa mchangani, pembeni ya mkeka wa bibi, wakafanya walivyotaka.

Walichotaka ni kushika. Mimi nilikuwa mkubwa kidogo na nilipewa mdogo wangu wa kike nimwangalie, kwa hiyo niliona mengi ambayo wenzangu waliokuwa wakikimbia hawakuyaona. Alikuwa akichota mchanga mkavu, unamponyoka vidoleni, anabaki akikitazama kiganja. Kisha anajiburuta hadi pale mawimbi yanapoishia, anachota mbichi, huo unakaa. Anarudi kwa mkavu. Anakwenda tena kwa mbichi. Asubuhi nzima inaisha hivyo, wala hakuna aliyemfundisha wala kumpigia makofi. Akiokota koa la konokono analipeleka kwanza mdomoni, halafu sikioni, kwa sababu ametuona sisi tukifanya hivyo. Makoa hayo si ya mchezo tu: baadhi yanafanana mno na ya baharini, hata Moore, mtaalamu wa viumbe kutoka Uingereza, alifunga safari kuja huku miaka ya 1890 kuyachunguza, akiamini Tanganyika lilikuwa tawi la bahari ya kale. Mdogo wangu aliyachunguza kwa ulimi.

Siku za giza, yaani siku za kazi, mambo yalikuwa mengine. Mitumbwi ikiingia asubuhi, dagaa wabichi walimwagwa mchangani na kina mama wakawatandaza kwa mikono. Mtoto naye alikuwa humo humo. Alikamata dagaa mmoja, akamkamua, akaona macho yanavyotoka, akacheka. Magamba yalimganda mashavuni yakang'aa. Bibi akigeuza dagaa kwa ufagio, mtoto naye alipewa kijiti akageuza wa kwake, wachache, waliopangwa ovyo. Hakuna aliyeita hilo mchezo, wala hakuna aliyeita kazi. Na nyumbani kulikuwa na chikichi. Zikishachemshwa na kutwangwa, makapi yake ya moto-moto yenye nyuzi na rangi ya machungwa iliyoiva yalikuwa kitu cha kufinyanga mpaka viwiko vigeuke vyekundu. Usiku, baada ya kuogeshwa, mtoto alipakwa mafuta ya mise, yale ya kokwa la ndani, meusi, yenye harufu ya kuungua kidogo. Mtoto wa Kigoma ungemtambua gizani kwa pua.

Sasa nakaa Mwanga, huku huku Kigoma lakini juu, mbali na maji, na mjukuu wangu anapelekwa kituo cha kulelea watoto mchana. Mwezi uliopita mama yake alikuja na orodha ya vifaa kutoka huko: mchanga safi ndoo moja, mchele nusu kilo uliotiwa rangi, maharage, vizibo vya soda, vipande vya vitambaa laini na vya kukwaruza. Mchanga tulimwagiza kijana wa bodaboda aulete kutoka ziwani. Nililipa. Nimezaliwa hatua chache kutoka kwenye mchanga huo na nikaununua kwa ndoo, tena kwa kupatana bei.

Sicheki juhudi za walimu. Serikali ilizindua programu ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto Desemba 2021, inayomhusu mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane, na tangu hapo neno MMMAM limeingia mpaka vikao vya mtaa. Ni jambo jema kwamba sasa inasemwa hadharani: mtoto mdogo akipapasa, akimwaga, akinusa, ubongo wake unajengwa. Walimu wanahimizwa watumie vitu vilivyopo kwenye mazingira badala ya kusubiri vya dukani. Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano aliyefungua nyumba yake ya watoto jijini Roma mwaka 1907, aliwapa watoto herufi za msasa wazifuatishe kwa kidole. Bibi yangu hakumsikia mwanamke huyo, na mchanga wa Ujiji ulikuwa na msasa wa kutosha.

Ila mchele umenishinda. Nilikwenda kituoni kusema.

"Mwalimu, shikamoo haitoshi leo," nilimwambia, maana amenizidi elimu ingawa namzidi umri. "Chakula kinachezewaje?"

"Bibi, ni wa kujifunzia," alijibu kwa upole. "Tunauhifadhi, hatuutupi."

Kwetu mtoto aliyemwaga mchele aliokoteshwa punje moja moja, na kwa kweli hilo nalo lilimfundisha vidole. Nilimshauri mwalimu awape watoto maharage wachambue kwenye ungo, mabovu huku, mazima kule, kisha yapikwe mchana. Alisema atafikiria. Tofauti yetu ilikuwa hapo, na sikuweza kuieleza vizuri siku ile: enzi zetu mtoto alishika kile kile ambacho mama alikuwa akikifanyia kazi, na mwisho wake kililiwa. Mchele wa buluu hauendi popote.

Hata hivyo nisingemrudisha mjukuu wangu kwenye ule mchanga kwa macho yaliyofumba. Kichocho kipo ziwani, na wengi wetu tulivimba matumbo bila kujua tulikokitoa. Mamba wapo. Kipindupindu kimepiga pwani hii si mara moja. Mwaka 2015, wakimbizi wa Burundi walipojazana kijijini Kagunga, tulikiona tena. Na wapo waliozama. Kila ukoo wa Ujiji una wake, hawatajwi sana.

Mchanga wenyewe pia si ule. Dagaa sasa wengi wanaanikwa juu ya vichanja vya wavu, na ni haki: upepo unapita juu na chini, wanakauka upesi, na mlaji hatafuni chembe za mchanga. Bei ni nzuri zaidi. Lakini kichanja kinamfika mtu mzima kiunoni. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu akisimama chini yake anaona wavu na anga tu. Dagaa wamepandishwa mahali asipofika. Halafu kuanzia 2020 ziwa likapanda, likameza sehemu za mwambao, mwalo wa Kibirizi ukaingiwa na maji. Wazee walisema si mara ya kwanza, wakakumbusha mvua za Uhuru za 1961 na maji yaliyofuata. Ziwa hili lina tabia hiyo ya kwenda na kurudi. Pale Ujiji ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, palipo na ukumbusho na miembe, leo unatembea kitambo kabla ya kukanyaga maji, kwa kuwa miaka ile ile ya 1870 mto Lukuga upande wa Kongo ulizibua njia yake na ziwa likashuka.

Maji yatashuka tena. Wale kina mama sidhani kama watarudi. Waliokuwa wakianika pamoja walikuwa na macho mengi. Mtoto wa mtu akikaribia maji, yeyote alimwita au alimnyanyua kwa mkono mmoja, mkono wa pili bado uko kwenye dagaa. Hakuna aliyekaa kumlinda na hakuna aliyemsahau. Uvuvi uliposimamishwa Mei hadi Agosti 2024 ili samaki wazaliane, niliteremka mwaloni nikakuta vichanja vitupu na mchanga mtupu, kama enzi za mbalamwezi. Watoto wadogo hawakuwepo. Walikuwa vituoni, au kwa dada wa kazi, au mbele ya simu.

Mjukuu anaendelea vizuri, namshukuru Mungu. Mchanga wa ndoo anaupenda. Anarudi nao mifukoni na mama yake anagomba. Wiki ijayo wanafanya zamu ya pua, na kila mzazi ametakiwa kupeleka kitu chenye harufu ya nyumbani. Nimetafuta mafuta ya mise sokoni nikayapata kwa mama mmoja tu, kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi. Nilitaka kuongeza dagaa wakavu konzi moja. Lakini chini ya karatasi ya maagizo mwalimu ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba vitu vyenye harufu kali visiletwe.