Usimtafute Nemo Mafia

Kazi yangu ni kuongoza wazamiaji katika Ghuba ya Chole, Mafia. Wageni wengi huniuliza kabla hata hawajavaa mitungi: Nemo tutamwona? Samaki wa ile filamu ya mwaka 2003, mwenye rangi ya chungwa na mikanda mitatu myeupe, haishi pwani hii. Kwao ni mbali mashariki, kwenye bahari za Indonesia na Australia ya kaskazini. Sisi tuna ndugu zake wawili, na kwa uzuri hawamwachii kitu.

Wa kwanza, Amphiprion akallopisos, ana rangi ya chungwa iliyofifia kuelekea waridi, na ubavuni hana mkanda wowote. Ana mstari mmoja tu mweupe: unaanzia katikati ya macho, unafuata mgongo mpaka kwenye shina la mkia. Wa pili, Amphiprion allardi, ni wa kahawia iliyokolea karibu na weusi, tumbo lina rangi ya chungwa, mikanda miwili myeupe imemzunguka, na mkia ni mweupe.

Ninayempenda zaidi ni huyo wa kwanza, kwa sababu anahitaji jicho la subira. Maji humeza wekundu kabla ya rangi nyingine, kwa hiyo kwenye kina cha mita 15 anaonekana wa kijivujivu tu na mgeni humpita. Hapo nawasha tochi, naielekeza pembeni yake taratibu, na uchungwa wote unarudi papo hapo. Sijawahi kuchoka kuuona.

Dume na jike wamevaa rangi zile zile. Mkubwa kuliko wote penye anemoni, kiumbe wa baharini ambaye samaki hawa huishi ndani yake, ndiye jike, na akifa, dume wake hugeuka kuwa jike.

Joto la bahari la mwaka 2016 lilipopausha matumbawe, anemoni kadhaa nazo ziligeuka nyeupe, na samaki wakang'ara juu yake kuliko kawaida. Wageni walisifu picha zao. Mimi niliumia, maana samaki hawa hawana maisha nje ya anemoni, na anemoni iliyopauka ni mgonjwa.

Ukija kwetu, kaa mbali kidogo na anemoni, usiiguse hata kwa ncha ya kidole, na ukiuziwa samaki hawa wakiwa hai, usinunue.