Bodi ya Mninga na Mapambo ya Kuazima

Siku utakayofika Tabora usitosheke na stesheni, soko na kivuli cha miembe. Toka nje ya mji uende Ntalikwa. Kata hiyo imo ndani ya mipaka ya Manispaa, lakini si rahisi kuiita mjini: ni mashamba, na ng'ambo ya mashamba ni pori la miombo. Kiangazi vumbi hukufuata hadi chumbani. Masika yakianza, vumbi hilohilo hugeuka tope la kuzamisha magurudumu. Huko ndiko mahali pa kulitafakari lori. Sisi wakazi wa miji mikubwa tumezoea kuliona lori kama kero ya barabarani. Kwa mkulima wa Unyamwezi, lori ndilo linaloamua kama mahindi yatafika sokoni au yataliwa na fukusi ghalani.

Nchi hii inaujua uzito wa mzigo. Kabla ya reli ya kati kufika Tabora mwaka 1912, bidhaa zilizosafiri kati ya pwani na Ujiji zilipita juu ya mabega na vichwa vya watu, na Wanyamwezi walisifika sana kwa kazi hiyo. Treni iliwapunguzia kazi wapagazi, ila treni haiingii kijijini. Kutoka stesheni hadi shambani, kazi ikawa ya lori.

Katika malori ya zamani, jina la Bedford halitasahaulika upesi. Kampuni ya Vauxhall ya Uingereza ilianza kuyatengeneza mwaka 1931, na mwaka 1958 ikatoa TJ, lile lenye pua iliyochomoza mbele. Sasa sikiliza jambo ambalo wapenzi wa magari makuukuu hulisahau. Mara nyingi gari la namna hiyo liliuzwa likiwa chasi, injini na kichwa tu. Bodi, yaani sakafu, mbavu na mlango wa nyuma, ilijengwa huku na mafundi wetu, kwa mbao za kwetu. Kwa hiyo mtu akifufua Bedford kuukuu na kusema anairudishia asili yake, yafaa aulizwe: asili ipi? Nusu ya mbele ilitoka Uingereza. Nusu ya nyuma, ile inayobeba mzigo, asili yake ni karakana ya hapa.

Na pale ndipo leo uigaji unapoingia. Mwenye gari ameona lori la Dar es Salaam limevishwa mabati yanayong'aa, taa za rangi kila pembe na jina la mchezaji wa mpira wa Ulaya juu ya kioo. Anataka la kwake liwe vivyo hivyo. Fundi bodi, mwenye watoto wa kulisha, atambishia mara moja au mbili, kisha atashika mashine ya kuchomelea.

Nieleze kwa nini afadhali angeendelea kubisha. Chasi ya lori imeundwa ijipinde kidogo. Gurudumu moja likiingia shimoni, chuma chote hujinyonga, kisha hujinyoosha. Fundi wa zamani aliyajua hayo. Alilaza mbao mbili ndefu juu ya chasi, akazifunga kwa boliti zenye umbo la U, kisha akajenga sakafu juu yake. Mbao zikajipinda pamoja na chuma. Bodi ya bati iliyochomelewa imara kila kona haina subira hiyo, na pale inapokataa kujipinda ndipo ufa unapoanza. Mtu akithubutu kuchomelea pambo kwenye chasi yenyewe, ameudhoofisha uti wa mgongo wa gari, na atakayekuwa juu ya magunia siku chuma kitakapoachia ni utingo. Isitoshe, kila kilo ya urembo ni kilo moja isiyolipiwa nauli.

Sisemi urembo ni dhambi. Chasi za Bedford zilipelekwa Pakistan pia, na huko mafundi waliijengea TJ taji la mbao juu ya kichwa cha gari, wakalijaza maua, ndege na maandishi. Huliita gari hilo Rocket. Ni kazi ya kuvutia kwa sababu hawakumwiga mtu. Waliitoa katika uchoraji na useremala wao. Lakini lichukue taji hilo ulilete Tabora, na mwembe wa kwanza utalivua.

Tazama pia matatu za Nairobi. Wachoraji wake ni hodari, hilo halina ubishi. Kanuni alizozileta Waziri John Michuki mwaka 2004 zilitaka mstari wa njano, na michoro mingi ikafutwa. Miaka iliyofuata ikarejea. Tatizo la uso wa mwanamuziki ubavuni mwa gari ni kwamba mwanamuziki huchuja kabla ya rangi kuchuja.

Wafanyabiashara wa misafara waliionja hasara ya namna hii. Henry Morton Stanley, aliyepita Tabora mwaka 1871 na kukaa Kwihara pamoja na Dk. David Livingstone mwaka 1872, aliandika kwamba shanga nyeusi zilizopokelewa Ugogo zilikataliwa kwingineko, na shanga nyeupe zilizofaa Ufipa zingedharauliwa Ukonongo. Aliyefunga mizigo kwa kufuata mtindo wa mahali pengine alijikuta na mali isiyomnunulia hata chakula.

Basi mwenye Bedford kuukuu na aanzie Ntalikwa, asianzie picha aliyoiona mjini. Mzigo ni nini? Ukiwa ni tumbaku, adui ni mvua: mbavu ziwe na vyuma vya kushikilia turubai, na turubai lishuke hadi chini ya sakafu. Ukiwa ni magunia ya mahindi, mlango wa nyuma ulale kabisa, ili mpakiaji asiyanyanyue mara mbili. Mbao iwe mninga, mti wa miombo hiihii, ambao ukikauka vizuri haupindipindi ovyo. Ukatwe kwa kibali, maana nao unazidi kuadimika. Rangi achague mwenyewe. Na ile nafasi juu ya kioo, iliyowekwa kwa ajili ya mchezaji wa Ulaya, inatosha kuandika jina la kijiji linakotoka lori.