Afya ya Betri
Mtu aliyeketi huonekana sura yake. Nguvu zake hujulikana atwishwapo mzigo. Ndivyo ilivyo betri ya gari. Huko Upanga, jirani na Hospitali ya Muhimbili, dereva wa teksi aweza kubishiwa hodi usiku wa manane na mtu mwenye mgonjwa. Gari likikataa kuwaka saa hiyo, hasara si ya nauli peke yake.

Betri ya risasi na asidi, iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté katika mwaka 1859, ina vyumba sita ndani ya gari dogo la leo, na kila chumba hutoa volti 2 na kidogo. Ikiwa imejaa na kupumzika saa kadhaa, mita husoma volti 12.6 hivi, ikisoma 12.0, imekaribia kuwa tupu. Lakini kipimo hiki chaweza kumhadaa mpimaji. Betri kongwe, ambayo sahani zake za risasi zimeota ukoko, huweza kusoma vema asubuhi, taa zikang'aa na honi ikalia, kisha ikazirai stata inapodai nguvu. Kwa hiyo fundi mwaminifu huitazama mita wakati ufunguo unapogeuzwa. Betri iliyojaa ikishuka chini ya volti 9.6 hivi, yaelekea ni mgonjwa wa kweli. Gari likiisha kuwaka, mita husoma baina ya 13.8 na 14.5, ikibaki 12, lawama ni ya altaneta au mkanda wake.

Asiyepima hivyo huchukua fedha ya chakula cha watoto, akaenda Gerezani, kando ya Kariakoo, kununua betri mpya. Na baada ya siku chache mpya nayo hufa kwa maradhi yale yale. Joto la Dar es Salaam tayari ni adui wa kutosha, maana hupunguza maji na kuharakisha kutu ya sahani.

Wapo pia wapimao kwa kugusisha spana baina ya vichwa viwili vya betri ili waone cheche. Huo si upimaji. Betri inapochajiwa hutoa haidrojeni, hewa ilipukayo kwa cheche moja, na asidi haichagui jicho la fundi wala la mwanafunzi wake. Mita ndogo na subira ya dakika chache hugharimu kidogo kuliko jicho, na kidogo kuliko betri isiyohitajiwa.