Sanduku moja, milango mitatu: hesabu ya faranga zetu za nyuki

Mwezi huu hatuwaletei habari za darasani. Tunawaletea habari za nyuki, kwa sababu kuna familia sita hapa kambini ambazo zimetuuliza tena na tena: "Walimu, zile faranga zetu zilifika wapi?" Swali hilo ni la haki. Jibu lake tunaliandika hapa wazi, ili kila mtu alisome.

Sisi ni wawili, ndugu wa tumbo moja, na wengi mnatujua kwa kufundisha kwa kujitolea hapa Mahama. Mjomba wetu anaishi Ndera, sekta ya wilaya ya Gasabo upande wa mashariki wa Kigali. Ni mfugaji wa nyuki, wale ambao wenyeji wetu wanawaita abavumvu. Mwanzoni mwa mwaka 2024 zile familia sita zilichanga faranga 10,000 kila moja, wakatutuma: nendeni kwa mjomba wenu, mjifunze namna ya kupata malkia, mrudi na makundi matatu ya nyuki. Mwenyeji mmoja jirani alikuwa ametuazima kipande cha shamba pa kuweka mizinga.

Basi tukaomba ruhusa ya kutoka, tukapanda gari, tukapita Kayonza, Rwamagana na Kabuga, kisha pikipiki mpaka kwa mjomba.

Kwanza tuelewane jambo hili. Mzinga bila malkia ni mzinga unaokufa. Nyuki wafanyakazi wanaishi wiki chache tu, na asiyekuwepo wa kutaga mayai, hakuna wa kuwarithi. Ukimwondoa malkia katika mzinga wenye nguvu, wafanyakazi wanachukua lava wadogo, wanawalisha chakula cha kifalme na kuwajengea vyumba virefu vinavyoning'inia kama karanga. Kutoka yai mpaka malkia kamili ni siku 15 au 16. Lakini wa kwanza kutoka anawaua wenzake wakiwa bado ndani ya vyumba vyao. Kwa hiyo ukitaka malkia watatu, inabidi uvikate vile vyumba mapema, kila kimoja ukiweke pahali pake. Mjomba anavikata siku ya 9 tangu amwondoe malkia mzee.

Huko kwenye pahali pake malkia anazaliwa bikira. Lazima aruke nje akutane na madume hewani, kisha arudi nyumbani kutaga. Zamani watu hawakujua hilo vizuri. Mswisi mmoja kipofu, François Huber, alitoa kitabu mwaka 1792 akieleza majaribio yake: malkia aliyefungiwa ndani hapati madume, anayeruka nje ndiye anayerudi amepandwa. Macho yake yalikuwa ya mtumishi wake, François Burnens, aliyemtazamia kila kitu na kumweleza. Tuliposoma habari hiyo tulisema, kumbe hata asiyeona anaweza kufundisha dunia.

Sasa swali likawa: hao mabikira watatu tuwaweke wapi?

Sisi tulifika na jibu letu tayari: kila malkia na kijisanduku chake kidogo, chenye kikombe kimoja cha nyuki. Jamani, sisi tunaoishi hapa tunajua maana ya kulala na jirani nyuma ya ukuta mwembamba, unasikia anavyokohoa, naye anasikia mnavyogombana. Tulitaka malkia wetu wapate walau kile tulichokikosa.

Mjomba alicheka. "Watoto, nyuki wa kwetu si wa Ulaya," akasema. "Ukiwaweka wachache, usiku wanapigwa na baridi, mchana jua linawachoma, wakikasirika wanahama wote na malkia wao. Utakuta kisanduku kitupu." Halafu akatuuliza: na zile fremu ndogo za kijisanduku, baadaye mtazitia katika mzinga gani? Hatukuwa na jibu. Kumpa kila malkia mzinga mzima nako kulihitaji nyuki wengi kuliko pesa zetu.

Njia yake ilikuwa ya katikati. Unachukua sanduku la kawaida la Langstroth, lile la fremu 10. Unasimamisha mbao mbili ndani, unapata vyumba vitatu vya fremu tatu tatu. Mbao zenyewe zinakula nafasi ya fremu ya kumi. Chumba cha katikati kinatokea mbele, cha kushoto kinatokea kushoto, cha kulia kinatokea kulia. Nyuki wa vyumba vyote wanapeana joto kupitia mbao, lakini kila malkia ana mlango wake. Na kazi ikiisha, fremu ni zilezile za mizinga mingine, hakuna kinachopotea. Tulikubali.

Hapa ndipo kosa letu lilipoingia, na tunalikiri. Fundi alituonyesha mbao kavu na mbao mbichi. Mbichi zilikuwa rahisi zaidi. Tukasema, hizi hizi. Tulidhani tunazitunza faranga zenu.

Tukaweka fremu za majana na asali na nyuki, tukapachika chumba kimoja cha malkia kila upande, tukarudi kambini kufundisha. Baada ya wiki tatu hivi mjomba akapiga simu. Hakueleza mengi. "Njoni," akasema.

Tulipofungua, chumba cha kushoto kilikuwa na malkia mzuri na mayai yake, moja moja katika kila tundu. Cha katikati na cha kulia, hakuna. Chini ya mlango wa katikati tulimwokota malkia mmoja amekauka. Mjomba akatoa fremu zote, akawasha tochi ya simu upande mmoja wa ubao, akatuambia tutazame upande wa pili. Mwanga ulipita chini kama uzi. Mbao zilikuwa zimekauka zikapinda, zikaacha upenyo usiozidi unene wa njiti kadhaa za kiberiti. Malkia bikira ni mwembamba, na palipo na malkia wawili wanapigana mpaka abaki mmoja. Malkia mmoja alikuwa ametembelea majirani zake wote.

Njiani kurudi hatukuongea. Tulikuwa tunafikiria namna ya kuwaambia akina mama. Tulipowaambia, mama mmoja alisema, "Ningenunua mbuzi mdogo, leo ningekuwa ninamwona kwa macho." Alikuwa na haki, tukanyamaza. Ila hakuomba faranga zake zirudi. Alisema tu, "Rudini mkamalize."

Tukarudi mwishoni mwa mwezi wa tano, mvua ilipopungua. Safari hii tulinunua plaiwudi kavu. Tulichimba mfereji mwembamba katika sakafu na katika kuta za sanduku, mbao zikaingia humo na kukaa imara, juu zikafika sawasawa na kifuniko. Usiku tukazima taa, tukapima kwa tochi kila chumba. Mwanga haukupita.

Tuliongeza mambo mawili. La kwanza, kila chumba tulikipa kifuniko chake cha ndani cha kipande cha gunia, ili ukifungua kimoja, wengine wasitoke wala malkia asipite juu. La pili ni rangi za milango, maana malkia akirudi kutoka safari yake akikosea mlango, ni kifo. Tulitaka kupaka mmoja mwekundu. Mjomba akakataa, kwa kuwa nyuki haoni nyekundu, kwake ni kama nyeusi. Aliyechunguza sana macho ya nyuki ni Karl von Frisch, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1973. Tukapaka buluu, njano na nyeupe.

Matokeo ni haya. Malkia wawili walirudi na kutaga. Wa tatu aliruka asirudi. Mjomba aliwaona ndege keremkerem kwenye waya siku zile, na wao chakula chao ni nyuki. Hatukuwaacha nyuki wake wakae bila mama. Tulitoa ubao, tukaweka karatasi ya gazeti mahali pake. Nyuki wakaitafuna polepole, harufu zikachanganyika, wakakubaliana na jirani zao bila vita. Karatasi yenyewe, wahariri mtusamehe, ilikuwa ukurasa wa jarida letu hili la mwezi uliopita.

Yule malkia wa mara ya kwanza tulimpa mjomba kwa mzinga wake uliokuwa yatima, naye akatulipa kwa fremu za majana za kuongeza nguvu makundi yetu. Halafu usiku tukaziba milango kwa wavu, tukasafirisha nyuki kwa gari la mizigo mpaka shambani.

Basi hesabu ni hii, wazazi wetu. Mlituma makundi matatu, tumeleta mawili. Familia tatu zina mzinga mmoja, tatu nyingine zina wa pili. Sanduku lenye vyumba bado lipo, zima, linangoja msimu mwingine, na safari ijayo hamtalinunua tena. Kundi la tatu ni deni letu, tumeliandika katika daftari la kikundi.

Kwa familia nyingine inayofikiria kazi hii, tunashauri hivi: usichague sanduku kwa uzuri wake wala kwa bei peke yake. Chagua lile linalokubali fremu za mizinga uliyonayo. Mbao ziwe kavu. Pima kwa tochi kabla ya kutia nyuki hata mmoja. Na vyumba vitatu vinatosha kwa anayeanza.

Tulikuwa tunalaumu kuta za hapa kwamba ni nyembamba. Siku hizi, usiku wa baridi, tukisikia jirani anakohoa, tunabisha ukutani tunamwuliza kama ana chai.

Mtakaotaka kuona nyuki, njoni Jumamosi jioni, mvae nguo nyeupe na msijipake marashi. Watoto wasimame mbali.

Ni sisi walimu wenu.